Mama anasahau: ni uzee au dalili za dimenshia?

Mama ana miaka 72. Anasahau majina, hakumbuki alipoweka miwani. Ndiyo dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na akili?

Kwa hayo peke yake, hapana. Jina likimtoka asubuhi likamrudia mchana, ni uzee tu. Cha kutia shaka ni tukio zima kufutika: asubuhi mmepanga harusi ya mjukuu, mchana anauliza kama mtu ambaye hajawahi kuisikia, na ukimkumbusha haimjii.

Tuangalie nini basi?

Kazi alizozoea. Anzeni na pesa, maana huko mambo huharibika mapema. Anatuma pesa kwa simu mara mbili kwa mtu yuleyule, anarudishiwa chenji pungufu asitambue, au anamtuhumu dada wa kazi kuiba kanga aliyoificha mwenyewe chini ya godoro. Jikoni, mpishi wa pilau wa miaka yote anakwama katikati, hajui kinachofuata.

Hesabuni na vidonge vya presha. Kama alipewa 30 vya kumeza kimoja kila siku, baada ya siku 10 vibaki 20. Vikibaki 26, anasahau kumeza. Vikibaki 12, anasahau kwamba ameshameza, na hilo ni hatari zaidi.

Mlinganisheni na yeye mwenyewe wa mwaka juzi. Ambaye tangu zamani hesabu zilimshinda, zisimhukumu leo. Wengine kumbukumbu hubaki nzuri, kinachobadilika ni tabia: mpole anakuwa mtu wa kufoka.

Amechanganyikiwa tangu jana. Imeanza?

Dimenshia huja kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura: huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukosa maji au kiharusi. Mpelekeni hospitali leo. Kama wiki chache nyuma alianguka akajigonga kichwa, semeni, kwa sababu damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kukandamiza ubongo, nayo mara nyingi hutibika.

Twende kliniki na nini?

Daftari la matukio na tarehe zake, na dawa zote kwenye mfuko, hata za dukani. Piriton (ya mzio), amitriptilini (ya sonona na maumivu) na diazepam (ya wasiwasi na usingizi) huweza kumvuruga mzee akili (ila msimwachishe ghafla bila daktari). Metformini (dawa ya kisukari) ya miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake hufanana na dimenshia. Ulizeni kuhusu vipimo vya B12, tezi ya thairoidi, sukari, figo, wingi wa damu, VVU na kaswende. Apimwe usikivu na sonona pia. Asiyesikia swali huonekana amesahau jibu.

Hakusoma. Atapimwaje?

Kipimo cha kuchora saa ya mishale hakimfai asiyesoma. Kuna kipimo cha IDEA, kilichotokana na utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, kisichodai kusoma wala kuandika: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno 10, na hupanga njiti za kiberiti kwa umbo alilooneshwa.

Akikataa kwenda?

Msibishane kuhusu kusahau. Mwambieni mnakwenda kupima presha na sukari, kwani kweli zitapimwa, na anayemsikiliza zaidi nyumbani ndiye amsindikize.