“Robo ya zilizobaki” si robo ya zote: dhana potofu kwenye mafumbo ya sehemu na fedha

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mzazi anayemsaidia mwanawe: “Mwalimu, si unajumlisha sehemu zote alizotumia, unatoa kwenye moja, basi?” Hapana. Kanuni hiyo inafaa kwa baadhi ya mafumbo tu, na watoto wanaibeba hadi kwenye mafumbo yasiyoihusu.

Chukua hili. Mtu alitumia 1/3 ya fedha zake kulipa kodi ya nyumba, kisha 1/4 ya zilizobaki kwa nauli. Akabakiwa na 18,000. Mwanzoni alikuwa na kiasi gani?

Wengi wanakimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika, hapa 12): 1/3 + 1/4 = 7/12, kwa hiyo zimebaki 5/12, na 18,000 × 12/5 = 43,200. KDS iko sawa, kujumlisha kuko sawa, jibu si sawa. Lijaribu: theluthi ya 43,200 ni 14,400, zinabaki 28,800. Robo ya hizo ni 7,200, zinabaki 21,600. Fumbo limesema 18,000.

Neno lililorukwa ni “zilizobaki”. Theluthi imekatwa kwenye fedha zote. Robo imekatwa kwenye 2/3 zilizosalia baada ya kodi. Huwezi kuzijumlisha kabla hujazirudisha kwenye kizima kimoja. Robo ya 2/3 ni 1/6. Sasa jumlisha: 1/3 + 1/6 = 1/2. Nusu imetumika, nusu nyingine ndiyo 18,000, kwa hiyo alikuwa na 36,000.

Mimi hufundisha kufuata kinachobaki, siyo kinachotumika. Baada ya kodi zimebaki 2/3. Baada ya nauli zimebaki 3/4 ya hizo: 3/4 × 2/3 = 1/2. Mstari mmoja, na KDS haikuhitajika.

Kabla ya hapo, chora mstatili. Nalisisitiza hili hata kwa wanaodhani kuchora ni kwa madarasa ya chini. Ugawe vipande vitatu, kimoja kitie kivuli, ndicho cha kodi. Viwili vilivyobaki, kila kimoja kikate katikati. Sasa una vidogo vinne. Kimoja kitie kivuli, ndicho cha nauli. Vitatu vilivyosalia ni 18,000, kila kimoja 6,000, na mstatili mzima una vidogo sita. Aliyechora anaona 36,000 kwa macho yake.

Lakini fumbo hilohilo likisema “1/4 ya fedha zake”, jibu ni 43,200, na njia ya mzazi yule ni sahihi kabisa. Ndiyo maana nawataka wanafunzi waandike juu ya kila sehemu, kwa penseli: ya nini? Wakiacha kuandika, nawarudishia daftari.

Dhana potofu nyingine nazitaja kwa ufupi.

“Neno ‘kubaki’ maana yake toa.” Katika fumbo letu 18,000 ndiyo salio, nasi tunatafuta kiasi kikubwa kuliko hicho. Kitendo kinatokana na kisa kizima, hakitokani na neno moja.

“Jibu halina desimali, basi ni sahihi.” Hata 43,200 haina desimali. Rudisha jibu kwenye fumbo, ulitumie hatua kwa hatua hadi salio.

“36,000 − 1/3.” Theluthi peke yake si fedha. Tafuta kwanza theluthi ya 36,000, ndipo utoe.

“Mpangilio wa matumizi haujalishi.” Kwa salio, kweli: anza na robo ya zote, kisha theluthi ya zilizobaki, bado utafika 18,000. Lakini swali likiuliza nauli ilikuwa kiasi gani, mpangilio wa kwanza unatoa 6,000 na wa pili 9,000. Kodi nayo inashuka kutoka 12,000 hadi 9,000.