Je, hadithi za uchawi na usaliti ni za Wazungu?

Wasomaji wengi Mombasa huamini kwamba riwaya nene za uchawi, falme na usaliti ni mambo ya Ulaya, na kwamba sisi hatuna mfano wake. Inaeleweka, maana nyingi zilizo madukani ni za Kiingereza.

Lakini pwani yetu ina Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Mfalme anamhofia kwa ajili ya kiti, anamfunga. Mamake anampelekea mkate wa wishwa, ndani mna tupa ya kukatia minyororo, naye anatoroka. Mwishowe anayemchoma usingizini ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makubwa. Liyongo anafia karibu na kisima, amepiga goti, upinde tayari, na watu hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Kwangu mimi, hakuna usaliti uliosimuliwa vizuri kuliko huo.

Utenzi wake uliandikwa 1913, na masimulizi ni ya kale zaidi. Ukitaka kuhakikisha, tafuta utenzi huo maktabani, kisha linganisha mwaka huo na ule uliochapwa kurasa za mwanzo za riwaya yako. Waulize pia wazee wa Mji wa Kale.