Maswali ya Usalama Hayasubiri Saruji: Dhana Potofu Kuhusu Leseni ya Mtambo wa Nyuklia

Uyombo ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kilifi, kati ya Bahari Hindi na hori ya Mida. Jirani yake ni mikoko na hifadhi ya bahari ya Watamu; ukielekea bara unakutana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo ndipo serikali ya Kenya ilipopanga kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini, wa megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme uanze kutoka 2034. Mei 2024 wakazi waliandamana kuupinga, wakakabiliana na polisi. Mwaka uliofuata macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Katika mvutano huo nimesikia mengi yasiyo kweli, kutoka kwa wanaoutaka mtambo na kutoka kwa wanaoukataa. Mengine hayana madhara. Mengine yanatufanya tuulize swali lisilofaa, au tukumbuke lile lenye maana wakati zege limeshamwagwa. Msimamo wangu ni huu: sina ugomvi na kawi ya nyuklia. Ugomvi wangu ni na leseni inayotolewa kabla ya maswali kujibiwa.

"Mtambo unaweza kulipuka kama bomu la Hiroshima"

Hauwezi. Urani, madini yanayotumika kama fueli katika mitambo mingi ya umeme, hurutubishwa (yaani sehemu yake inayopasuka kwa urahisi huongezwa) hadi asilimia 3 hadi 5 tu, ilhali ya silaha hufikishwa karibu asilimia 90. Hofu hii tuivuke upesi, kwa sababu inaficha hatari iliyo ya kweli, nayo ni joto.

"Kukitokea hatari, wataalamu watazima mtambo na mambo yataisha"

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa inasikika kama busara. Fikiria jiko la makaa. Ukiacha kuongeza makaa, yale yaliyomo hayapoi papo hapo. Sufuria itaendelea kuchemka na maji yakikauka chakula kitaungua. Kinu cha nyuklia, yaani sehemu ya mtambo inayozalisha joto, kina tabia hiyo, ila kwa kiwango kingine kabisa. Kinu cha kutoa megawati 1,000 za umeme huzalisha joto la megawati 3,000 hivi. Kinapozimwa, mpasuko wa urani hukoma mara moja, lakini mabaki yake yanaendelea kutoa joto: asilimia 6 hadi 7 mwanzoni, yaani karibu megawati 200. Baada ya siku nzima bado zimebaki kama megawati 15. Joto hilo liondolewe na maji yanayozungushwa na pampu, usiku na mchana, na pampu zinataka umeme.

Katika mtambo wa Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipopiga, vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe kama vilivyoundwa. Umeme wa nje ukakatika, jenereta za dizeli zikawaka. Hadi hapo kila kitu kilikwenda sawa. Kama dakika 50 baadaye yakaja mawimbi ya tsunami, kati ya mita 14 na 15, yakaingia hadi vyumba vya chini ya ardhi walikoweka jenereta nyingi. Pampu zikanyamaza. Viini vya vinu vyote vitatu vikayeyuka, na watu zaidi ya 150,000 wakahama makwao.

Sasa angalia kilichotangulia. Mahali pale palikuwa na mwinuko wa mita 35 juu ya bahari. Wakati wa ujenzi miaka ya 1960 walichonga mwinuko huo ukashuka hadi mita 10, ili kuvuta maji ya bahari kuwe rahisi. Mwaka 2008 hesabu za TEPCO, kampuni yenyewe iliyomiliki mtambo huo, zilionyesha kwamba tsunami ingeweza kufika mita 15.7. Mwaka 2009 mtaalamu wa matetemeko Yukinobu Okamura aliwaonya maofisa wa udhibiti kuhusu tsunami ya mwaka 869 iliyowahi kufagia pwani hiyo. Hesabu za mita 15.7 zilifikishwa kwa mdhibiti tarehe 7 Machi 2011. Siku nne kabla.

Upande wa kaskazini, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kulikuwa na mtambo mwingine, Onagawa. Wakati wa kuupanga, mhandisi Yanosuke Hirai alishikilia kwamba ujengwe juu sana kwa kuwa aliijua historia ya mawimbi ya pwani ile. Ukajengwa mita 14.8 juu ya bahari. Siku ile ile maji ya mita 13 hivi yalifika, mtambo ukazimika salama, na wanavijiji zaidi ya 300 ambao nyumba zao zilikuwa zimechukuliwa na maji wakapewa hifadhi ndani ya eneo la mtambo huo. Nchi moja, tetemeko moja. Tofauti kubwa ilikuwa swali lililojibiwa kabla ya kuchimba msingi.

"Tsunami ni mambo ya Japani"

Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalivuka Bahari Hindi yote. Kusini mwa India yalifurika jumba la pampu za mtambo wa nyuklia wa Kalpakkam, ikabidi uzimwe; ulizimwa salama. Saa chache baadaye yalifika kwetu. Somalia ilipoteza mamia ya watu, Tanzania na Kenya nazo zikazika. Yalikuwa yamepungua nguvu, na yalitukuta maji yakipwa, si yakijaa. Ndiyo maana mvuvi wa Mida anayejua bamvua hufika wapi, na kusi ikivuma maji hupanda kiasi gani, ana ushahidi ambao ripoti ya usalama inauhitaji. Baraza lililoisha kwa soda na picha ya pamoja, bila swali lake kuandikwa na kurudishiwa jibu kwa maandishi, mimi siliiti ushirikishaji wa umma.

Na swali lake kubwa mara nyingi si hata mionzi. Ni maji. Mtambo wa ukubwa huo ukipozwa moja kwa moja kwa bahari huvuta makumi ya mita za ujazo kila sekunde na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Mayai ya samaki na vifaranga vya kamba huvutwa pamoja nayo. Karibu na matumbawe ya Watamu, hilo si jambo la kuachiwa mlango wa mwisho wa ripoti.

"Mpango wa kuwahamisha watu utatengenezwa mtambo ukishakamilika"

Mtambo wa nyuklia wa Shoreham, kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, Marekani. Ujenzi ulianza 1973. Mwaka 1979 ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ikatokea Pennsylvania, na Marekani ikaweka sharti: bila mpango wa dharura kwa watu wanaoishi ndani ya maili 10 hivi kutoka mtamboni, hakuna leseni ya kuendesha. Wakati huo Shoreham ilikuwa imeshaota kuta.

Kaunti ya Suffolk ikakaa na ramani. Long Island ni kisiwa kirefu chembamba. Anayetaka kutoka kwa gari lazima aelekee magharibi, upande wa jiji la New York, na wakazi wa mashariki ya mtambo wangelazimika kuupita mtambo wenyewe. Februari 1983 baraza la kaunti likapiga kura 15 kwa 1 likisema wazi kwamba watu hawawezi kuhamishwa kwa usalama. Gavana Mario Cuomo akawa upande wao. Kampuni ya umeme iliyokuwa ikiujenga ilikamilisha mtambo, ikabishana miaka sita, na Aprili 1989 ikapewa leseni ya kuendesha kwa nguvu kamili. Lakini tayari ilikuwa imekubaliana na jimbo kuufunga. Mtambo uliogharimu kama dola bilioni 6 uliuzwa kwa jimbo kwa dola moja, haukuwahi kuuza umeme kibiashara, na wateja wakaendelea kulipia deni kwenye bili zao kwa miaka mingi.

Chukua sasa ramani ya Kilifi. Barabara kuu ni moja, ya Mombasa kwenda Malindi. Kutoka Uyombo kuelekea kusini utavuka daraja la Kilifi, na hakuna daraja la pili kando yake. Gari la mizigo likilala pale darajani Ijumaa jioni, msongamano tunaujua sote. Hilo ni swali la kuulizwa wakati wa kuchagua eneo, si baada ya kukata utepe.

"Shirika la kimataifa likishapitisha, imepita"

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, halitoi leseni kwa mtambo wowote duniani. Lilipotuma ujumbe Kenya mwaka 2015, lilikuja kupima utayari wa nchi, katika mambo 19 kuanzia sheria na fedha hadi taka. Leseni ni kazi ya mdhibiti wa nchi yenyewe. Kwetu ni KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na haipaswi kuchanganywa na NuPEA, wakala wa serikali wenye jukumu la kuuendeleza mradi. Anayeuza na anayekagua lazima wawe mbali. Japani mdhibiti alikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikikuza nyuklia, na baada ya Fukushima walimvunja wakaunda chombo kipya mwaka 2012.

Tena leseni si karatasi moja. Kuna kibali cha eneo, kisha leseni ya kujenga, kisha ya kutia fueli na kuendesha, na mwisho wake ya kubomoa. Kila hatua ina haki ya kusema hapana.

"Pesa zikishatumika hakuna kurudi nyuma"

Austria ilijenga mtambo wa Zwentendorf ukakamilika. Tarehe 5 Novemba 1978 wananchi wakapiga kura, asilimia 50.47 wakaukataa, na haukuwahi kuwashwa. Ufilipino ilijenga Bataan, karibu na volkano ya Natib, kwa zaidi ya dola bilioni 2. Haukuwahi kutiwa fueli, na nchi ilimaliza kulilipa deni lake mwaka 2007. Kurudi nyuma kunawezekana. Ila gharama yake hupanda kila mfuko wa saruji unapofunguliwa, na mlipaji ni yule yule aliyenyimwa nafasi ya kuuliza mwanzoni.

"Mradi ukihamia Siaya, maswali ya Kilifi yamekwisha"

Maswali yanahama na mradi, na mengine mapya yanazaliwa. Ziwa Victoria halina tsunami ya bahari, lakini pia halina bahari ya kuchanganya na kupoza maji yanayorudishwa. Kisumu inakunywa maji ya ziwa hilo. Tanzania na Uganda nazo, kwa hiyo jirani ana haki ya kuuliza kabla hata hatujajibizana wenyewe kwa wenyewe.

Na ziwa hupanda. Mei 2020 lilifika kimo kilichovunja rekodi ya 1964, likameza fuo, likabomoa nyumba na kuwahamisha watu kandokando yake. Anayeishi ufuoni anaweza kukupeleka hadi mti au ukuta akakuonyesha maji yalisimama wapi. Kabla ya kibali cha eneo kuandikwa, ningependa kuona kwenye ripoti namba mbili zikiwa ukurasa mmoja: kimo cha alama ile, na kimo ambacho jenereta za dharura zitawekwa.