Unyeti wa spika: namba ya kutazama kabla ya wati

Unyeti ni kiasi cha sauti ambayo spika hutoa ikipewa wati 1 ya umeme, ikipimwa mita 1 mbele yake. Kipimo chake ni desibeli. Kwenye kasha la spika utaikuta imeandikwa dB, na wengi huiruka wakakimbilia wati. Ukitaka muziki wa gari ulio mwepesi na usiokula betri, anza na namba hiyo.

Kila ukitaka kupandisha sauti desibeli 3, umeme unaokwenda kwenye spika lazima uwe maradufu. Spika ya desibeli 87 inahitaji wati 100 kufika pale ambapo ya desibeli 93 inafika kwa wati 25. Mbili za aina ya kwanza zitataka wati 200. Amplifaya ya daraja D, yenye ufanisi wa asilimia 85 hivi, itavuta ampea 17 kwenye volti 13.8. Ile ya daraja AB, ambayo karibu nusu ya umeme wake huishia kuwa joto, itavuta 29, na hapo unabeba pia chuma kizito cha kupozea na waya mnene. Spika mbili za desibeli 93, kwa daraja D, zinatosheka na ampea 4 na kidogo.

Tena redio nyingi zilizoandikwa wati 50 mara 4 hutoa, kwa mfululizo, kama wati 20 tu kwa kila spika. Kwa spika ya desibeli 93, iliyohitaji wati 25, upungufu huo ni desibeli 1. Amplifaya unaweza kuiacha kabisa!

Ila soma vizuri. Makasha mengine hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Spika nyingi za gari ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na volti 2.83 kwenye omu 4 ni wati 2, si 1. Kasha likiandika 2.83V/1m, toa desibeli 3 ndipo ulinganishe.

Unyeti mkubwa nao una bei yake: kwa ukubwa uleule, spika hiyo kwa kawaida hupungukiwa na besi ya chini kabisa. Usiilazimishe kwa kupandisha besi kwenye redio, maana sauti itaanza kukwaruza. Washa kichujio cha HPF, kinachozuia sauti za chini, kwenye hezi 80, na besi ya chini iachie sabufa ndogo.

Kinachopoteza besi zaidi ni mlango uliofungwa spika. Sauti ya nyuma ya koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ni kinyume cha ile ya mbele, na zikikutana zinauana. Fungua kava la ndani, ziba tundu kubwa kwa bati jembamba la alumini, na uweke sponji kati ya ukingo wa spika na chuma. Matundu ya chini ya kutolea maji yaache wazi. Mikeka ya kuzuia mtetemo bandika robo ya bati tu. Kuujaza mlango mzima ni kuongeza kilo kwa faida ndogo. Gonga bati kwa kidole: likilia kama debe tupu, ongeza kipande, likitoa mlio mfupi na mzito, acha hapo.