Kuruta na afya ya akili: maswali ya wazazi, vijana na wakufunzi

Mwanangu amemaliza kidato cha sita, kapangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwili wake mzima kabisa. Habari za akili zinaingiaje hapa?

Zinaingia, mama, kwa sababu mambo mengi yatambadilikia kwa wiki moja. Jana alilala chumbani kwake, leo yuko hangani na makumi ya wenzake asiowajua. Filimbi inalia kabla ya alfajiri, unafuata mchakamchaka, kwata, shamba, na usiku zamu ya lindo. Simu hana. Usingizi ukikatika siku nyingi mfululizo, ubongo wa mtu yeyote hupata shida kuzuia hasira na machozi, hata awe na kifua cha mpiga makasia.

Halafu kuna umri. Sehemu kubwa ya magonjwa ya akili hujitokeza kwa mara ya kwanza kabla ya miaka 25, na kuruta wengi wana miaka 18 mpaka 20 na kidogo. Orodha ya vifaa inamwambia kijana alete bukta ya bluu, raba, soksi nyeusi na shuka mbili za bluu bahari. Natamani kila mzazi angekaa naye pia jioni moja wakaongea juu ya siku atakazojisikia vibaya.

Stadi za maisha si ndizo zile za kilimo, ufugaji na ushonaji?

Hizo ni stadi za kazi, na JKT imezifundisha tangu ilipoanzishwa mwaka 1963. Stadi za maisha ni uwezo wa kujiendesha: kujitambua, kuhimili mihemko na msongo, kutatua matatizo, kufanya maamuzi, kuwasiliana, kuishi na watu. Shirika la Afya Duniani lilizipanga kuwa 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Zinafundishwaje kwa askari mpya?

Kwa mazoezi. Mhadhara wa saa tatu kwa watu waliokesha hauna faida, nusu watasinzia.

Chukua stadi ya kujieleza. Kuruta aliyezidiwa husema "niko sawa, afande", au hunyamaza mpaka siku atakapolipuka. Basi wakae wawili wawili, mmoja aigize afande mwenye haraka, mwingine aseme mambo matatu: nini kinanipata, tangu lini, naomba nini. "Afande, naomba kuongea. Tangu Jumapili silali zaidi ya saa mbili kwa usiku, na jana lindoni nilitetemeka. Naomba kumwona mganga." Mara ya kwanza sauti inakwama kooni. Wabadilishane, warudie, mpaka maneno yatoke yenyewe, kama mikono inavyozoea kufungua na kufunga silaha gizani.

Au kutatua tatizo. Shuka yako imepotea na ukaguzi ni asubuhi. Uchukue ya jirani? Unyamaze? Uripoti usiku huuhuu? Kundi linapima kila njia na matokeo yake. Kuruta wakishindana kwa hoja juu ya shuka, wanajifunza kutulia na kufikiri kabla ya kutenda. Kwa hasira, wafundishwe kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo, na inafanyika hata ukiwa umesimama paredi.

Mimi ni mkufunzi. Huku si kuwadekeza?

Hapana, afande. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walijaribu mafunzo ya namna hii kwa kuruta wa jeshi la majini la Marekani, na matokeo waliyochapisha mwaka 2007 yalionyesha kuwa vikosi vilivyofundishwa vilishikamana zaidi, vilitatua matatizo zaidi na hasira zikapungua. Ukali wa mazoezi ulibaki palepale. Naamini kuruta anayejua kusema "nimezidiwa" mapema atakupunguzia kazi, maana yule anayeficha ndiye huanguka siku mbaya.

Nitajuaje kuwa si uchovu wa kawaida?

Uchovu hupungua mtu akilala na kula. Huzuni au wasiwasi ukidumu wiki mbili na zaidi, akajitenga, akaacha kula, akaanza kusema hana thamani, apelekwe zahanati ya kambi. Akigusia kufa, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandi wazo. Mara nyingi linamfungua mdomo. Asiachwe peke yake, awekwe mbali na silaha, kamba na dawa, na mtu amsindikize kwa mganga saa hiyohiyo.

Akipata nafasi ya kupiga simu, nimwambie nini?

Usianze na "vumilia, wewe ni mwanaume", wala "jikaze, usituaibishe" kwa binti. Maneno hayo hufunga mlango. Muulize amelalaje wiki hii, amekula nini, na rafiki yake wa hangani anaitwa nani. Kisha muulize: ukiumwa moyoni huko, unamwambia nani? Akikutajia mtu, mwachie salamu zake. Akikaa kimya, mwombe amchague mmoja kabla ya kulala, na simu ijayo anza na swali hilo.