Mafuta ya gari hayaingii kwenye breki za ndege

Wiki iliyopita nimeambiwa tena: "Fundi, niliongeza kidogo tu, na ni mafuta ya breki, si petroli." Ndege yenyewe ni Cessna 182 ya miaka ya 1970, mwenyewe ni mtu makini anayeipenda, na hayo mafuta aliyanunua kituo cha petroli. Sasa masta silinda zake, yaani pampu ndogo za breki zinazosukumwa na pedali, ziko mezani kwangu zimefunguliwa. Nimeshasikia maneno hayo mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaandika.

Dhana: mafuta ya breki ni mafuta ya breki

Sivyo. Cessna, Piper na nyingi za rika lao hutumia mafuta mekundu ya haidroli yenye asili ya madini, yaliyojulikana miaka mingi kwa namba MIL-H-5606. Makopo ya siku hizi yameandikwa MIL-PRF-5606. Mafuta ya gari, DOT 3 au DOT 4, ni ya jamii ya glaikoli. Hayana undugu wowote na yale mekundu. Oringi, yaani pete za kuzuia mafuta yasivuje, zilizomo kwenye kalipa (kibanio cha breki pale gurudumuni) na masta silinda ni za mpira wa naitrili, na mpira huo ulichaguliwa kwa sababu unayavumilia mafuta mekundu. Ukikutana na glaikoli unavimba, unalainika, kisha unaanza kumeguka.

Kinachoifanya dhana hii isife ni kwamba mwanzoni inaonekana kufanya kazi. Oringi iliyozeeka imesinyaa na kukakamaa, ndiyo maana inavuja. Ikivimba kidogo inaziba pengo lake, uvujaji unakoma, pedali inakaza. Mwenye ndege anaruka wiki mbili tatu akiamini amepata dawa, na anampa mwenzake siri hiyo kwenye chai. Mpira nao unaendelea kuvimba. Siku moja pistoni inakwama na gurudumu linashika bila kuachia, au oringi inameguka na pedali inazama hadi sakafuni, nawe uko kwenye kiwanja cha murram na mwisho wake unaukaribia.

Dirishani karakana kwangu kuna chupa ya jamu niliyoijaza nusu mafuta mekundu, nusu ya gari. Mteja akibisha nampa aitikise mwenyewe, kisha tunaiacha tunywe chai. Tukirudi, mekundu yamepanda juu na yale ya rangi ya asali yametuama chini. Sasa fikiria sehemu ya chini kabisa ya mfumo wa breki za ndege ni ipi. Ni kalipa, pale gurudumuni, kwenye oringi inayobeba kazi yote.

Oringi niliyoitoa kwenye hii 182 niliibana kwa vidole. Nzima hurudi duara mara unapoiachia. Hii ilibaki vilevile nilivyoibana, na ikaniachia weusi kwenye vidole kama masizi ya sufuria.

"Basi mwaga hayo, weka mengine." Haitoshi. Mpira ulioguswa na glaikoli haurudi ulivyokuwa, na mabaki hujificha kwenye kila kona. Kazi inayotakiwa ni kufungua mfumo wote, kuusuuza kwa alkoholi, kuukausha, kubadilisha kila oringi na kila mpira wa kupitishia mafuta, kisha kuandika kwenye kitabu cha ndege kilichofanyika. Kwa gharama hiyo ungenunua makopo mengi sana ya mafuta mekundu.

Wala usiridhike na wekundu peke yake. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya gari nayo ni mekundu. Na fundi wa ndege kubwa akikusaidia mafuta yake ya zambarau, Skydrol, mshukuru na umrudishie: hayo huenda na mipira ya aina nyingine kabisa, na yataila ya kwako. Soma namba kwenye kopo, kisha ulinganishe na kitabu cha matengenezo cha ndege yako. Ombi langu kwa kila mwenye ndege ni hili: nunua kopo lako, liandike namba ya usajili kwa kalamu isiyofutika, na likae kwenye ndege. Anayeongeza mafuta ya kubahatisha mara nyingi ni yule aliyefika kiwanja cha mbali bila kopo.

Dhana: breki za zamani hula mafuta

Breki haili mafuta. Pedi zikilika, pistoni husogea nje na kiwango hushuka kidogo kidogo, kwa miezi. Ukiongeza kila wiki, yanavuja. Tafuta wekundu kwenye kalipa, sehemu ya ndani ya tairi, na chini ya pedali. Hapo chini ya pedali watu hawainami kabisa, na masta silinda za ndege nyingi ndogo ziko hapohapo. Chukua tochi na kitambaa cheupe.

Kisha kanyaga pedali na uishikilie bila kuongeza nguvu. Ikizama taratibu na nje hakuna tone, oringi ya ndani ya masta silinda imechoka. Ikiwa inadunda kama sponji lakini inakaza ukiipampu, kuna hewa. Hayo ni magonjwa mawili, na mara nyingi naletewa ndege iliyotolewa hewa mara tatu wakati ilihitaji oringi.

Dhana: hewa hutolewa kama kwenye gari

Mmoja anapampu juu, mwingine anafungua nati chini. Kwenye ndege njia hiyo mara nyingi huacha mapovu, kwa sababu hewa hupenda kupanda nawe unailazimisha kushuka. Sukuma mafuta mapya kutoka kwenye kalipa kwenda juu, kwa shinikizo dogo, na umweke mtu wa kuangalia hifadhi ya mafuta isifurike kwenye zulia.

Dhana: ndege ikivuta kulia, breki ya kulia ni mbovu

Mara nyingi ya kulia ndiyo nzima na ya kushoto ndiyo haishiki. Kabla ya kuagiza kalipa, angalia kama pini zake zinateleza. Kwenye vumbi letu jekundu hukwama, na mtu akizipaka grisi anatengeneza msasa. Zisafishe na utumie kilainishi kikavu.

Dhana: pedi mpya ziko tayari zikishafungwa

Pedi za Cleveland, aina ya breki za ndege ndogo, hubadilishwa zikifika unene wa inchi 0.100, yaani takriban milimita 2.5, na mpya lazima zipashwe kwanza. Zile za ogani, yaani zisizo za chuma: tembeza ndege ardhini futi 1,500, injini ikiwa mizunguko 1,700 kwa dakika, ukishika breki ili mwendo ubaki maili 5 hadi 10 kwa saa. Acha zipoe dakika 10 hadi 15, kisha zijaribu ndege ikiwa imesimama na injini imepandishwa. Zile za chuma hutaka usimamishe ndege kabisa mara mbili mfululizo kutoka mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 30 hadi 35, bila kuziacha zipoe katikati. Anayeruka hatua hii anarudi siku ya pili akilalamika kuwa nimemfungia pedi feki.

Dhana: breki ya kuegesha inatosha usiku kucha

Inategemea mafuta yaliyofungiwa kwenye bomba, nayo hutanuka jua likichoma na kunywea usiku. Na kama breki zimetoka kufanya kazi na bado ni za moto, usiivute kabisa. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu, uachie pedali, halafu ndiyo ufunge mlango.