Pichi la kuachia kokwa na pichi la kung'ang'ania

Kata parachichi lililoiva kulizunguka, uzungushe nusu zake mbili: zinaachana, na kokwa inatoka safi. Jaribu mchezo huohuo kwa embe. Nyama imeishika kokwa mpaka mwisho unaamua kuifyonza tu. Pichi, tunda ambalo kamusi hulipa jina la fyulisi, lina tabia zote mbili. Kuna aina zinazoachia kokwa kama parachichi na aina zinazoing'ang'ania kama embe, na kati yao zipo za nusu kwa nusu. Wakulima na wasindikaji wa Marekani huziita "freestone" na "clingstone". Ukikuta kopo limeandikwa "cling peaches", ndilo neno hilohilo.

Mtu atauliza, kokwa inamhusu nini mpishi akishaitupa? Inamhusu kwa sababu huenda sambamba na namna nyama inavyoiva. Pichi la kuachia, kwa kawaida, likiiva hulainika hadi kuyeyuka mdomoni: vimeng'enya vyake huvunjavunja pektini, ile gundi inayoshikilia kuta za chembe za tunda. Mapichi ya kung'ang'ania yanayolimwa kwa ajili ya viwanda yameteuliwa kwa tabia ya kinyume. Yanaiva, yanakuwa matamu na ya njano, lakini nyama inabaki ngumu kidogo, kama mpira. Ukilila bichi utaona lina ubishi. Likichemshwa ndani ya kopo, ubishi huo ndio unaoliokoa. Lile laini lingegeuka rojo. Ndiyo maana mapichi ya makopo, yawe ya California, Ugiriki au Afrika Kusini, mengi ni ya kung'ang'ania.

Kwa hiyo pichi la kopo si pichi bichi lililozeeka. Ni aina nyingine, tena limekwisha kupikwa na limelala kwenye shira, ile ya kaimati ila nyepesi zaidi. Lichuje kwanza, kisha punguza sukari ya mapishi yako. Kopo la gramu 410 hukupa takriban gramu 240 hadi 250 za tunda lenyewe, kwa hiyo usihesabu uzito ulioandikwa mbele. Mimi hulipenda kwenye keki ya kupindua: vipande vinapangwa chini ya sufuria juu ya siagi na sukari, mchanganyiko wa keki unamiminwa juu, na ikiiva unaipindua ukute vimebaki na umbo lake. Shira usiimwage. Inafaa kulowanishia keki.

Bichi lina harufu ambayo kopo halina, na harufu hiyo iko karibu na ngozi. Kulimenya, lifanye kama nyanya: nusu dakika hadi dakika moja kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye maji baridi sana, ngozi itateleza. Isipoteleza, halijaiva. Likikatwa hugeuka kahawia upesi kama tufaha, na maji ya limau hulizuia. Kama umelipata zuri kweli, yale ya Lushoto kwa mfano, na linadondosha maji hadi kiwikoni, usilipeleke kwenye oveni. Lile hivyo hivyo. Oveni iachie lile lililokawia kuiva.

La friza ndilo lililonifunza kwa uchungu. Barafu inapoganda ndani ya tunda hutoboa kuta za chembe, hivyo likiyeyuka maji yote hutoka. Mara ya kwanza niliyamimina mapichi na maji yake kwenye pai, na unga wa chini ukawa uji. Wageni walikula kwa kijiko wakasifu "pudini" yangu. Siku hizi nayaacha yayeyukie kwenye chujio juu ya bakuli, maji yale nayachemsha peke yake hadi yawe mazito, nakoroga konflawa kidogo iliyolowekwa kwa maji baridi, halafu narudisha vipande. Kwa jemu au sharubati huna haja ya usumbufu huo, kwa kuwa huko unataka yapondeke.

Kugandisha nyumbani ni rahisi: menya, kata, nyunyizia limau, tandaza kwenye sinia ndani ya friza vipande visigusane, vikishaganda ndipo uvitie kwenye mfuko wa friza.

Kusindika kwenye chupa kunahitaji tahadhari moja. Baadhi ya mapichi yenye nyama nyeupe yana asidi kidogo kuliko ya njano, na asidi ndiyo inayozuia bakteria wa sumu ya botulini kukua ndani ya chupa iliyofungwa. Wataalamu wa usindikaji wa nyumbani nchini Marekani wanashauri meupe yasitiwe kwenye chupa kwa utaratibu wa yale ya njano, bali yagandishwe.